Kipande cha Tisa

Mbegu za yungiyungi hazipatikani Mwaloni.
Mama Jiayi alizitafuta tangu Jumatatu,
picha kwenye simu, duka kwa duka.
Wauza nafaka wakampa choroko, wakampa njugu mawe,
mmoja akampa pole.
Alhamisi akanigongea mlango:
"Nkwimba, una kitu kitamu, kikavu, chenye unga ndani?"

Nina matobolwa.
Viazi vya Magu, vya mwezi wa saba,
mama alivichemsha, akavikata, akavianika juu ya mwamba
mpaka vikagonga sufuria kama kokoto.
Nikaviloweka. Tukavitwanga kwenye kinu changu,
mchi wake, mchi wangu, zamu kwa zamu,
na alipokosea pigo nilicheka,
naye akacheka, jasho likimdondoka puani.

Akatoa kibao chenye shimo la duara,
ndani ya shimo ua, limechongwa kinyumenyume.
Kilikuwa cha bibi yake. Kilivuka bahari
kimefichwa ndani ya soksi za mumewe.
Kiini cha yai la bata, kilicholala kwenye chumvi siku ishirini,
tukakizika katikati ya kila donge.
"Huu ndio mwezi," akasema.
"Na viazi?"
Akafikiri kidogo.
"Viazi ni usiku."

Tanuri langu ni pipa lililopasuliwa,
mkaa chini, mkaa juu. Limezoea skonsi.
Tatu za kwanza ziliungua upande mmoja;
hizo tulizila palepale, tumesimama.

Jioni meza ikatolewa uani,
panapoanikwa mabondo ya sangara mchana,
na harufu yake haikuondoka kwa ajili ya sikukuu.
Sato mzima na kichwa chake, kapikwa kwa mvuke na tangawizi.
Balungi limemenywa kama taa.
Na ugali, kwa sababu ya Masalu dereva,
ambaye bila ugali huapa kwamba hajala.

Ukatoka nyuma ya mawe ya mlimani,
mwekundu kwanza, kisha kama sahani iliyooshwa.
Ufukweni mitumbwi ya dagaa ilikuwa imelala kifudifudi.
Nani atawasha karabai chini ya mbingu kama ile?
Nikamwambia Baba Jiayi:
hata huku, mwezi ukijaa, watu hulala makwao.
Akaacha kijiti chake hewani.
Akaomba nirudie.

Simu ikaegemezwa kwenye bakuli la chai.
Kwa bibi ilikuwa saa tano na nusu usiku,
shali mabegani, hakukubali kulala.
Mwezi wake ulishapanda utosini,
wetu ndio kwanza ulikuwa mlimani.
Akaiona keki, akaisogelea mpaka kioo kikajaa jicho,
akauliza neno moja.
Jiayi akatafsiri: "Anauliza, kwa nini ni nyeusi?"
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunacheka.

Tulikuwa wanane.
Kisu kikakata tisa.
Cha tisa ni cha asiyekuwepo, ndivyo wanavyofanya,
na Mama Jiayi hakumtazama mumewe, hakuitazama simu,
alinitazama mimi.
Sikuwahi kumwambia habari za Lugendo
aliyeingia machimbo ya Geita
na tangu Pasaka hajapiga.
Labda aliniona nikihesabu sahani.

Nilikibeba ndani ya karatasi ya unga.
Nikaandika: Kuna kipande chako huku.
Siku moja. Siku mbili.
Sisimizi wakala ukingo, wakabeba mwezi wote
punje kwa punje, kwenye ufa wa dirisha.
Kilichobaki nikakirudisha juani, juu ya bati,
kikakauka kama kilivyofundishwa Magu.

Siku ya tatu akajibu: Cha nini?
Nikafuta maneno mengi.
Nikaandika: Cha kiazi.
Hakiozi upesi.